Jina linalofuata baada ya Kalume

Kabambare, Jumatatu, tarehe 14 Novemba 1955

Mvua ilianza kabla ya jogoo na ikaendelea mpaka saa tatu asubuhi. Paa la shule linavuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya benchi la nne, na watoto wa benchi la nne wameshazoea, wanasogea bila kuambiwa. Sasa ni alasiri, jua limetoka kidogo, barabara ni utelezi mtupu, na mimi nimekaa barazani na daftari hili nikijaribu kujua ninavyojisikia.

Sijisikii chochote.

Mtu aliyefanya nilichofanya alipaswa leo alie, au basi afurahi, maana mtoto amerudi. Mimi nimekula ugali na sombe, yale majani ya muhogo, saa nane nikaomba niongezewe. Mke wangu, Mama Jeni, alinitazama tu, akaniongezea. Moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya. Najua mguu ukianza kuamka utachoma, kwa hiyo sina haraka ya kuuamsha.

Mwamini amerudi shuleni leo. Nitaandika kwa mpangilio, jinsi ninavyowafundisha watoto kusimulia: kilichoanza, kilichofuata, kilichomaliza.

Mwamini ni binti wa miaka kumi hivi, mtoto wa kwanza wa mkulima mmoja anayekaa ng'ambo ya kijito. Alikuwa anasikia kama sisi sote mpaka alipofika miaka sita. Homa ikamkamata, ikamlaza wiki mbili, na ilipomwachia masikio yalikuwa yameziba. Hasikii ngoma, hasikii mvua, hasikii mama yake akimwita. Lakini alikuwa ameshajua kusema kabla ya homa. Alikuwa na maneno yake, mengi tu, na maneno hayo yalitaka mahali pa kutumika kila siku, la sivyo yangemtoka moja moja.

Baba yake alimleta kwangu miaka miwili iliyopita. Si kwamba aliamini shule. Mtoto alikuwa akija mwenyewe kila asubuhi kusimama mlangoni mwa darasa, na yeye alikuwa amechoka kumfuata. Aliniambia, "Mwalimu, huyu mutoto iko na kichwa nguvu. Umuache akae tu hapa. Hatasumbua mutu."

Nilimwacha akae. Nisijipambe: sikuwa na huruma ya pekee. Kulikuwa na nafasi kwenye benchi la mbele karibu na mlango, basi.

Aliyegundua jambo lenyewe ni Mama Jeni, si mimi mwenye cheti. Siku moja aliniletea maji darasani, akasimama pembeni kutazama, na nyumbani akaniambia, "Baba Jeni, ule mutoto anakutazama mudomo, hakutazame macho. Na mudomo wako umeuficha na yale manyoya." Nilikuwa na sharubu wakati huo, nene, za mtu aliyesomea ualimu mjini Kasongo na kurudi na viatu. Nilizichana kila asubuhi kabla ya kuchana nywele. Nilinuna siku tatu, kisha nikazinyoa. Kesho yake nikasema "chaki", na sauti moja nzito ikarudia kutoka benchi la mbele: "Chaki." Sikujua ni nani mpaka nilipoona wenzake wote wamegeuka kumtazama yeye.

Kuanzia hapo nikajifunza mambo ambayo hawakutufundisha Kasongo. Nisiongee nikiwa nimeligeuzia darasa mgongo. Nisimame mahali mwanga wa mlango unaponipiga usoni. Nisile mahindi nikifundisha. Nikifanya hayo, Mwamini alishika karibu nusu ya nilichosema, na nusu nyingine aliichukua kwenye ubao na kwenye kibao cha mwenzake.

Na nikajifunza jambo kubwa kuliko yote, ambalo ndilo linalonikalia kifuani leo. Jumamosi maneno yake yalikuwa mepesi. Jumatatu yalikuwa mazito. Siku moja tu ya Jumapili ilitosha kuyafanya mazito. Alipokwenda matangani kwa wajomba zake siku kumi, alirudi akisema "oma" badala ya "soma", na ilituchukua karibu mwezi kuirudisha ile herufi mdomoni mwake.

Mtoto anayesikia akikosa shule, masomo yanamfuata nyumbani. Anasikia watu wakihesabu mafungu ya samaki sokoni, anasikia kaka yake akiimba wimbo wa darasani, anabishana na wenzake mtoni. Siku aliyokosa anaiokota njiani. Mwamini hana wa kumwokotea. Nyumbani kwao wanampenda, lakini wanamwonyesha kwa mikono: njoo, kula, teka maji. Mahali pekee duniani ambapo mtu alisimama kwenye mwanga akamwambia maneno kamili ni lile darasa langu linalovuja. Haba na haba hujaza kibaba, tunawaambia watoto. Kwa Mwamini kibaba kilikuwa na tundu chini, na ukiacha kutia siku moja hukikuti pale ulipokiacha.

Alilijua hilo kuliko mimi. Hakukosa. Hasikii ile rimu ya gari tunayoigonga badala ya kengele, lakini alifika kabla haijagongwa, kila siku, miguu imelowa umande mpaka magotini.

Saa yake aliyoipenda ni ya kuitwa majina. Majina yamo kwenye daftari la mahudhurio kwa mpangilio usiobadilika, na yeye aliukariri wote. Aliyemtangulia ni Kalume. Nikisema "Kalume", Kalume akajibu "Niko", basi Mwamini alikuwa ameshasimama, macho kwenye midomo yangu. Nikisema "Mwamini", alijibu "Niko" kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Mwanzoni watoto walicheka. Baadaye wote wakaanza kujibu kwa sauti hiyohiyo, kila mmoja, mpaka wapita njia wakawa wanasimama kuangalia kuna nini. Sikuwakataza. Ilikuwa furaha yangu ya asubuhi, ingawa sikumwambia mtu.

Sasa nifike kwenye kosa.

Mwezi wa tano, Padri Mkuu wa misheni alitutangazia kwamba inspekta wa shule anakuja, Mbelgiji, kwa siku mbili. Na kulikuwa na nafasi ya mwalimu katika shule kubwa ya Kasongo. Kila mmoja wetu alijua, hakuna aliyeitaja. Niliitaka nafasi ile. Niliitaka nyumba ya matofali, na Jeni asome mahali penye madawati, na mimi niitwe kwa jina langu la ukoo. Nilikaa nikiwaza inspekta ameketi nyuma ya darasa, naanza kuita majina, nafika kwa Mwamini, na ile sauti inatoka. Angeuliza, huyu ana nini? Angeandika kwamba darasa hili lina watoto wasiofaa kuwa shuleni.

Jioni nikavuka kijito. Nikamwambia baba yake, "Baba Mwamini, wageni wa Leta wanakuya. Mutoto abakie nyumbani siku mbili. Kisha arudi."

Leta ndiyo Serikali, kwa lugha yetu. Na hapa lazima nieleze maneno hayo yana uzito gani kwa watu wetu, ili siku moja Jeni akilisoma daftari hili asidhani baba yake hakuelewa alichokisema.

Zamani kidogo, nikiwa bado mdogo, mtoto mmoja wa kijiji cha jirani alipelekwa kambi ya wenye ukoma na hakurudi. Tangu hapo, gari la Leta likisikika darajani, watoto wenye kasoro hutoka kwa mlango wa nyuma. Mwenye kifafa, mwenye mguu mmoja mfupi, mwenye madoa. Akija daktari wa ugonjwa wa usingizi, wanatoka. Akija bwana wa pamba, wanatoka. Akija karani wa kuhesabu watu, wanatoka. Hakuna anayetoa amri, ni jambo la kawaida kama kufagia uwanja. Mdogo wangu mwenyewe alikuwa na kifafa, na alijua kukaa kimya kwenye mihogo kabla hajajua ishara ya msalaba. Kwa hiyo najua. Mwalimu anayesoma barua za wazungu akija jioni kwa miguu yake kusema "mutoto abakie", hasikiki kama mtu anayeomba darasa lipendeze. Anasikika kama mtu aliyeona jina kwenye karatasi.

Nilijua na nikasema hivyohivyo, kwa sababu ilikuwa njia rahisi ya kutoulizwa maswali.

Inspekta akaja. Siku ya kwanza, mbele ya jina la Mwamini kwenye daftari la mahudhurio, nikaandika kwa Kifaransa *malade*, yaani mgonjwa. Siku ya pili tena, *malade*. Mwandiko wangu ni mzuri. Niliita majina, watoto wakajibu kwa sauti za kawaida, za kinyonge, kama waliofiwa, maana aliyewafundisha kujibu hakuwepo. Kalume alipojibu, alikaa akageuka kutazama nafasi iliyo wazi. Inspekta akaniandikia barua kwamba darasa lina utulivu. Ile barua ninayo ndani ya sanduku, chini ya nguo za Jumapili. Utulivu.

Alikuwa mtu makini, sina la kumlaumu. Alipekua daftari, akaniuliza huyu mgonjwa ana nini. Nikasema homa. Akanakili jina.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mtu anayetangaza maradhi yasiyokuwepo.

Siku ya tatu nilimngoja Mwamini, hakuja. Nikasema atakuja kesho. Wiki ikaisha. Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba, na wakati huo watoto wengi hupungua, kila mtu shambani kwa sababu bwana wa pamba anapita kukagua. Nikajiambia ni pamba. Kila asubuhi niliandika *malade*, kwa kuwa ndivyo nilivyoanza na sikutaka daftari lijikane lenyewe. Na nikiwa mkweli, asubuhi zilikuwa rahisi. Niliandika ubaoni huku nikiongea na ubao. Nilikula mahindi. Likizo ikaja, na katika likizo sharubu zangu zikarudi. Mama Jeni alisema, "Sasa wakubwa wa Kasongo watakutambua." Sikuona dhihaka ndani yake. Nilizichana.

Septemba shule ikafunguliwa. Mtoto aliyekosa muda mrefu hivyo hufutwa kwenye orodha, na orodha mpya ilinakiliwa bila jina lake. Niliinakili mimi. Baada ya Kalume nikaandika jina lililokuwa likimfuata Mwamini, Salima, na kalamu haikusita.

Kilichonitoa nyumbani si dhamira njema. Ni Kalume. Wiki ya pili alinifuata nje akaniuliza, "Mwalimu, Mwamini alikufa?"

Nikavuka kijito.

Baba Mwamini alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanishukuru. Hilo ndilo sitalisahau, kwamba alinishukuru. Alisema, "Mwalimu, ulituonya, Mungu akubariki. Tulimuficha ku shamba. Kisha siku inne hivi, mutu wa dispensari akakuya na kinga, akasimama hapa hapa. Akauliza Mwamini. Anamutaja na jina. Akasema anatafuta mutoto mugonjwa. Sisi tukajua, mwalimu hakusema bure. Ule usiku mama yake akamupeleka Lusangi, kwa bibi."

Kinga ni baiskeli. Alikuwa mwuguzi wa dispensari, kijana mpole, aliyetumwa na inspekta kumwona mtoto mwenye homa. Alikuja na kwinini, dawa ya homa, mfukoni.

Baba Mwamini akauliza kwa upole, bila kushuku kitu, "Lakini mimi niko najiuliza, Mwalimu. Jina alilipata kwa nani?"

Nilikunywa maji aliyonipa, nikarudi nyumbani. Nililala vizuri. Naandika hili kwa kuwa ni kweli.

Nilikaa siku tatu. Halafu nikachukua lile daftari la mwaka uliopita, nikavuka tena kijito, nikalifungua mbele yake kwenye jiwe la kusagia. Nikamwonyesha ule mstari. Nikasema, hakuna mtu wa Leta aliyemtafuta mtoto wako. Ni mimi niliandika kwamba ni mgonjwa. Hana ugonjwa. Nilimwonea haya.

Aliinama akatazama ile mistari muda mrefu. Hajui kusoma. "Mimi sione kitu hapa," alisema. "Karatasi inasema nini, ni weye unajua. Ulisema abakie, tukakubali. Sasa unasema arudi. Nitajua namna gani kama leo ndiyo unasema kweli?"

Nikalifunga daftari. Mtu niliyempotezea imani ni mtu ambaye alikuwa na karatasi moja tu ya kusoma, nayo ilikuwa uso wangu.

Nikafanya yaliyobaki kwa miguu. Nikaenda dispensari nikamwambia mwuguzi alifute jina, mtoto si mgonjwa, mwalimu alisema uongo. Nikaenda misheni nikamwambia Padri Mkuu. Alinisikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye kiti. Alisema atamwandikia inspekta, na kwamba nafasi ya Kasongo nisiiwaze tena mwaka huu. Nikasema ndiyo, Padri. Nikaomba kitu kimoja, jina lirudishwe kwenye orodha. Akasema liandikwe mwishoni, chini ya yote, kama wanavyoandikwa wageni. Nikashukuru. Nilipotoka nje nilitegemea ama kuumia ama kupata nafuu. Niliona mbuzi wa misheni wakila majani ya migomba, nikawafukuza, nikaenda zangu.

Mwuguzi mwenyewe ndiye aliyemaliza kazi. Alikwenda kwa Baba Mwamini akamwonyesha zile kwinini, akamwapia kwamba hakutumwa kuchukua mtu. Wiki iliyopita baba na mama wakaenda Lusangi kumchukua. Kutoka hapa ni safari ya siku mbili kwa mguu wa mtoto. Jana Jumapili, baada ya misa, niliwaona wakishuka kilima, baba mbele, mama na mzigo, na yeye nyuma.

Mama yake alikuja kwetu jioni. Alikaa jikoni na mke wangu, na mimi nilisikia kutoka barazani. Alisema huko Lusangi bibi ni mzee, haoni vizuri, na hakuna aliyeongea na mtoto. Alikuwa akitwanga, akichota, akichambua mboga. Miezi mitano na zaidi. "Sasa maneno yote imeisha," alisema. "Imebaki 'maji' na 'hapana'. Zamani alikuwa ananiita mama. Sasa ananivuta nguo." Hakulia. Nilisikia kisu cha Mama Jeni kikiendelea kukata sombe.

Yule mama hakuniangalia alipopita kuondoka, aliniaga kwa heshima zote, "Ubakie vizuri, Mwalimu." Afadhali angenitukana.

Basi leo.

Alifika kabla ya rimu kugongwa. Mvua ilikuwa ikinyesha na yeye alikuwa amejifunika jani la mgomba. Amerefuka. Akaenda moja kwa moja kwenye benchi la mbele karibu na mlango, na Salima, ambaye sasa hiyo ndiyo nafasi yake, akasogea. Nilisimama mezani. Nikafungua daftari. Watoto wote walikuwa wanajua kila kitu, watoto hawafichwi.

Nikaita majina. Nikafika kwa Kalume. Kalume akasema, "Niko."

Mwamini akasimama.

Akasimama, mikono ubavuni, macho usoni kwangu, na midomo yake ikafunguka. Na mimi nikamwonyesha kwa kiganja, keti. Jina lake haliko hapo tena, liko chini, la mwisho, na mimi ni mtu wa orodha. Nikaita "Salima". Salima akajibu kwa sauti ndogo sana. Mwamini akakaa taratibu, akatazama vidole vyake.

Nikaendelea mpaka chini. Nikasema, "Mwamini." Alikuwa ananitazama. Hakusimama. Nikarudia, "Mwamini." Alinyoosha shingo mbele kidogo, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya kisima, kisha akatazama pembeni. Nikajiambia, imekwisha, mama yake alisema kweli. Nikaandika kwamba yupo, nikafunga daftari, nikafundisha hesabu. Sikusikia uchungu. Nilisikia mvua ikidondoka kwenye benchi la nne.

Mchana kutwa sikumwita tena.

Tulipomaliza, watoto wakatoka mbio kama kawaida, na yeye akabaki. Alikuja mpaka mezani. Alisimama pale penye mwanga wa mlango, mahali nilipokuwa nikisimama mimi zamani, na nikaona kwamba leo sikusimama pale hata mara moja. Akanitazama mdomo. Kisha akainua kidole chake cha shahada, akakiweka chini ya pua yake mwenyewe, akakiburuta, upande huu, halafu upande huu, kama mtu anayenyoa. Akangoja.

Sikuelewa. Ni aibu kuandika hivyo, lakini sikuelewa. Nikamwashiria aende nyumbani, na akaenda.

Nimeelewa hapa barazani, sasa hivi, nikijifuta mdomo kwa kiganja. Ni sharubu.

Miezi mitano kimya, maneno yamemtoka, mama haitwi mama, na mtoto huyu amekumbuka jinsi uso wangu unavyopaswa kuwa ili aweze kuusoma. Alikuja leo akakuta mlango umefungwa kwa manyoya, akanionyesha ufunguo ulipo. Na alipokaa baada ya Kalume kwa amri ya kiganja changu, midomo yake ilikuwa imeshafunguka. Alikuwa anajibu. Bado alikuwa anajua mahali pake. Neno lilikuwepo, pengine bovu, pengine bila herufi moja, na mimi nikalikalisha chini kwa sababu orodha haikusema hivyo.

Mguu unaanza kuamka. Unachoma kweli.

Nimemwita Mama Jeni alete wembe na kioo. Ameleta vyote viwili haraka mno, kama vile vilikuwa tayari tangu asubuhi. Anashika kioo sasa, nimemwomba asubiri nimalizie mistari hii. Ameniuliza naandika nini. Nimemwambia naandika orodha.

Na ni kweli, kwa kuwa baada ya kunyoa nitachukua karatasi safi nipige mistari upya na kunakili majina yote, Mwamini baada ya Kalume. Padri Mkuu alisema mwishoni. Nitakwenda kumweleza kesho mchana, na akitaka kukasirika, atakasirika kwa haki. Sitegemei kwamba "oma" itakuwa "soma" kabla ya Pasaka. Pengine haitakuwa kamwe. Lakini asubuhi nitasimama mlangoni penye mwanga, bila sharubu, bila mahindi, na siku inayofuata tena, na inayofuata, hata akija mgeni gani na gari gani.

Nitaita Kalume. Kalume atasema, "Niko." Kisha nitangoja.